Shimo la Nne

Dada mshauri,

Mke wangu alikufa. Ni miezi minne sasa. Homa ya siku tatu, siku ya nne hakuamka. Naanza na hilo kwa sababu kila ninayetaka kumwambia haya mengine ataniuliza, mke wako anasemaje. Hasemi kitu. Alikufa.

Mimi ni kibarua wa ujenzi. Nachimba misingi, nachanganya zege, nabeba matofali. Shule niliacha darasa la nne, kwa hiyo mwandiko utanivumilia. Nina mtoto mmoja tu, binti wa miaka minane, kusoma amenipita mbali. Ndiyo maana barua hii naandikia kazini, juu ya mfuko wa saruji, wenzangu wakiwa wanakula. Sitaki aione.

Naomba unisaidie. Nimefanya jambo la aibu na sijui nitalitengenezaje bila kuharibu zaidi.

Mtaani kwetu kuna chama cha watu wa kujitolea. Yumo nesi mstaafu, ndiye mwenyekiti, yumo kinyozi, fundi cherehani, dereva wa lori na mwalimu mmoja. Kila Jumamosi wanafanya kazi za watoto bila malipo. Wamejenga vyoo vya shule ya msingi, wamepaka rangi madarasa, wameshonea sare watoto wasiokuwa nazo. Mke wangu alikuwa mwenzao. Kazi yake kuteka maji. Bomba liko mbali na shule, basi yeye ni kwenda na kurudi, ndoo kichwani, maneno mdomoni. Wakamwita Mama Ndoo.

Mimi sikwenda hata mara moja. Alikuwa ananiambia, "Baba wee, hiyo mikono imejenga nyumba za watu hata jina lako hawalijui. Njoo Jumamosi moja tu uwachanganyie watoto zege."

Namjibu, "Zege la bure haligandi."

Anacheka. Mara ya mwisho hakucheka. Alisema, "Haya, kaa," akachukua ndoo yake akaenda. Mwezi haukuisha akafa.

Baada ya mazishi wale watu walikuja. Sikuwaita. Fundi cherehani akaanza kumsuka binti yangu kila Jumapili. Nesi anampokea akitoka shule, anakaa naye mpaka mimi nitoke kazini. Wananiita shemeji. Hakuna aliyeniuliza hata siku moja kwa nini mke wangu akiwa hai sikuwahi kutokea.

Basi wakaamua kuweka bembea kwenye uwanja wa shule. Bembea kubwa ya mabomba ya chuma, miguu minne, viti viwili vya minyororo. Nesi akaja akasema, "Shemeji, tuna kila kitu isipokuwa mtu wa zege." Ningekataaje?

Miguu minne, mashimo manne. Kila shimo lifike kiunoni, hicho ndicho kipimo, lisipofika hapo watoto wakipanda wakajirusha sana bembea inang'oka. Matatu niliyafikisha. La nne nilipofika gotini nikagonga jiwe. Ni jiwe la kuvunja kwa tindo na nyundo, siku nzima, labda mbili. Nimeshavunja mawe makubwa kuliko hilo.

Lakini siku ile kila mtu anayepita ananipa pole, hapohapo ananisifu, shemeji una nguvu, shemeji Mungu akuzidishie, na kinyozi anapiga kelele, "Shemeji, ukikosea nakunyoa kwa wembe butu!" na watu wanacheka, na zile ndoo zilikuwa zimepangwa pale karibu na mchanga, anayezileta sasa ni dereva, nusu ya maji anayamwaga njiani, nami nikaziangalia zile ndoo nikaona nikikaa pale zaidi nitalia mbele za watu, basi walipokwenda wote kushusha minyororo kwenye lori nikachukua msumeno wa chuma nikaukata ule mguu, kipande cha kutoka gotini mpaka kiunoni, ili usimame juu ya jiwe na bembea isiende upande, wakarudi tukaisimamisha, wote wanaangalia juu, hakuna aliyeangalia shimoni, nikamwaga zege, nikafukia, nikasawazisha kwa sepetu mpaka likafanana na mengine, nikanawa mikono.

Wakanipigia makofi.

Kipande kile nilikibeba nyumbani. Kiko chini ya kitanda.

Jumamosi iliyofuata mwalimu akapanda ngazi, akaandika kwenye bomba la juu kwa rangi ya bluu, herufi kubwa: MAMA NDOO. Walinificha makusudi ili nifurahi. Nesi akasema, "Na wa kwanza kupanda ni binti yake." Mtoto akarukaruka. Mimi nikasema asante. Macho yangu yalikuwa chini, kwenye ule mguu.

Juzi imenyesha mvua. Nikapita pale, nikaushika kwa mkono mmoja, nikautikisa. Ukacheza.

Ufunguzi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Kurekebisha kimyakimya siwezi. Kuing'oa bembea kunataka watu sita, na mguu unataka mchomeleaji. Nikisema, watajua nilikata mguu wa kitu chenye jina la mke wangu. Jina watalifuta. Binti yangu labda watamwacha. Naye kila siku anawaringia wenzake, "Kajenga baba yangu ile."

Nilifikiri nimwambie siku hiyo aseme anaumwa, asipande. Nikaona nimepata dawa. Halafu nikajisikia ninachowaza. Kwa hiyo watoto wa wenzangu ndio waanguke? Dada, kukata nilikata nikiwa na uchungu. Hilo la pili niliwaza nikiwa mzima kabisa, nakunywa chai. Hilo ndilo linaninyima raha.

Nifanye nini?

Mchanganya zege

*

Kaka yangu,

Pole kwa msiba. Nakupa pole hiyo moja, maana naona za wengine zilikuelemea.

Barua yako sikuiacha ingoje zamu. Uliandika namba ya simu nyuma ya bahasha, nilikupigia siku ileile, na ninayoyachapa hapa gazetini ndiyo niliyokuambia.

Jiwe si kosa lako. Msumeno ni wako. Uliziona ndoo za mkeo zikibebwa na mtu mwingine ukashindwa kusimama, na hilo nalielewa kuliko unavyodhani. Mimi nina kabati nyumbani ambalo sijalifungua mwaka wa tatu huu. Lakini ungeweza kuweka nyundo chini ukasema, "Jamani, leo siwezi, nimemkumbuka." Maneno manne. Wangekusindikiza nyumbani na shimo lingekungoja mpaka Jumamosi nyingine. Wewe ukaona heri watoto wapande kitu kibovu kuliko watu wazima wakuone unalia. Usimsukumie marehemu mzigo huo. Kilichokata bomba si msiba, ni mkono wako.

Tena unaniuliza nifanye nini, wakati ulishautikisa ule mguu. Jibu ulilishika mkononi.

Unaogopa watamwacha mtoto. Kaka, watu wanaomsuka mtoto wa mwenzao miezi minne bila kuombwa, unawajua au huwajui? Watakasirika. Waache wakasirike, ni haki yao. Yuko atakayekununia. Kinyozi anaweza kuutafuta ule wembe kweli. Utavumilia, nywele zitaota.

Unaogopa jina litafutwa. Afadhali lifutwe leo na mwalimu akiwa juu ya ngazi, kuliko watu walitaje miaka yote wakimkumbuka mtoto aliyeumia.

Sasa sikiliza. Hujala chakula cha mchana? Usile. Nenda shuleni uifunge ile bembea kwa kamba, minyororo uizungushe juu, mtoto asiifikie. Mwambie mlinzi asiruhusu mtu, na usimfiche sababu. Kisha nenda nyumbani, toa kipande chini ya kitanda, kipeleke kwa nesi ukiweke mezani. Sema, "Nilikata. Shimo la nne linafika gotini." Ishia hapo. Usianze na "unajua tangu mke wangu," wala usingoje akuulize mara mbili. Akitaka kujua kwa nini, atauliza, na hapo ndipo utamweleza habari ya ndoo.

Binti yako mwambie wewe, siku hiyohiyo, kabla jirani hajamwambia. Kaa chini umfikie macho. Ataona aibu kwa ajili yako. Itauma. Lakini mtoto aliyemwona baba yake akisema "nilikosea" atakuwa na la kushika siku yake ikifika.

Watu wa kuinua bembea waombe. Jiwe livunje mwenyewe.

Na lile ulilomjibu mkeo, la zege la bure, hilo sina dawa yake. Huwezi kulirudisha na hayupo wa kukusamehe. Utakaa nalo. Ila usikae nalo ukiwa umekunja mikono.

Mshauri wako

*

Wiki iliyofuata kaka huyu alinitumia ujumbe kwa simu. Ameniruhusu niuchape.

Dada, nimefanya. Kipande nilikiweka mezani kwa nesi kama ulivyosema. Alikiangalia sana. Akasema, "Shemeji, siku ile nilikuona unaondoka na bomba. Nikadhani umechukua chuma chakavu ukauze. Nikanyamaza, nisikuaibishe."

Nikasema, "Ungeniaibisha tu, mama."

Akapiga meza, akanifokea. Alinifokea mpaka fundi cherehani akaja kutoka nyumba ya pili kuuliza nani amekufa. Akanifokea tena, mara hii na yeye mwenyewe akajifokea. Kisha akasema nikawaite wengine.

Dereva aliondoka bila kuaga. Akarudi na kamba za lori, hakunisalimu, akaanza kufunga. Hajanisalimu mpaka leo. Mwalimu hakufuta jina. Alisema, "Yeye hakukata kitu." Nilitamani angelifuta. Tumeing'oa pamoja na zege lake, mashimo yako wazi, imelazwa uwanjani, lile jina linaangalia juu, na kila ninapopiga nyundo liko mbele yangu.

Ufunguzi umesogezwa. Watoto wameambiwa sababu. Wanapita wananiangalia.

Binti yangu nilimwambia nikiwa nimekaa chini. Hakulia. Alikwenda kulala. Kesho yake alipotoka shule akaja shimoni, akauliza, "Na yale mengine matatu?"

Nikasema yanafika kiunoni.

Akasema, "Nitapima mwenyewe."

Akachukua fimbo, akanisimamisha, akaiweka pembeni yangu, akaitia alama penye goti na penye kiuno. Yale matatu kayapima yote, akiinama mpaka nikamshika gauni asitumbukie. Sasa kila siku akitoka shule anakuja kulipima la nne. Simwambii nimefika wapi. Anajionea.

Kinyozi anafunga duka mapema, anakuja na nyundo yake. Leo ndiyo amerudi kunitania, anasema wembe butu anao mfukoni, anangoja tu nichoke. Maji ya kupoza tindo nateka mwenyewe. Bomba liko mbali, dada. Sikujua ni mbali hivyo.

Leo fimbo imepita alama ya goti vidole vinne. Kesho narudi shimoni.