Homoni ya Utoto

4 Februari

Mwanangu mpendwa,
Hujambo huko? Sisi wazima, ila goti langu bado linanisumbua. Mdogo wako amepata kazi ya kuoka mikate mji wa mbali, mwenye tanuri anamsubiri. Nimekataa. Yule bado mtoto, hata kama ana miaka ishirini na sita. Nawe hebu niambie unafanya nini na hao viwavi, maana majirani wakiniuliza nabaki kukodoa macho.
Mama yako

20 Februari

Mama,
Shikamoo. Pole na goti, mimi niko salama. Nyuma ya ubongo wa kiwavi kuna vitezi viwili vidogo mno. Ndimo inamotengenezwa homoni ya utoto, hatua kwa hatua, na kila hatua ina kimeng'enya chake, yaani fundi wake. Mimi namchunguza fundi wa mwisho. Akiwa kazini, kiwavi hula, hujivua ngozi, hunenepa, lakini hubaki kiwavi. Akiacha kazi, ndipo kiwavi hujifungia kwenye kifuko na kutoka akiwa nondo mwenye mabawa.
Mwanao

6 Machi

Mwanangu,
Marahaba. Goti lina nafuu. Kumbe umesoma miaka yote hiyo kutafuta kitu ambacho hapa nyumbani kinaitwa mama! Nimecheka peke yangu kama chizi. Basi nitumie kichupa nimtilie mdogo wako kwenye chai. Amenuna, hasemi nami.
Mama yako

18 Machi

Mama,
Shikamoo. Utani wako nimeupata, lakini hilo la kichupa tumeshalifanya. Tuliwadondoshea viwavi homoni wakati wao wa kubadilika ulipofika. Wakaendelea kula, wakawa wakubwa ajabu, wakafa hivyo hivyo. Hakuna hata mmoja aliyeruka. Mwache mdogo wangu aende, mama.
Mwanao

2 Juni

Mama,
Shikamoo. Hujanijibu, na simu ukiona ni yangu hupokei. Kama nimekukosea adabu, nisamehe.
Mwanao

11 Julai

Mwanangu,
Marahaba. U mzima? Nilikukasirikia sana. Nimekusomesha, nikasema, uje unilinganishe na sumu ya viwavi! Kisha juzi nikamuuliza mdogo wako kama bado anaitaka ile kazi. Hakununa. Akasema, "Nimeshazoea, mama." Nikaogopa kweli.
Nikampigia mwenye tanuri, akasema nafasi bado ipo. Sanduku nimelifunga mwenyewe, nauli iko mezani, naye amekaa kitandani hatoki. Mwandikie wewe. Mimi nikimwambia aende, anadhani namfukuza.
Mama yako