Jina Litakalotamkwa Nafplio

Nafplio, 14 Septemba 1978

Kwako Bibi Fotini, mzazi mwenzangu na mkubwa wa nyumba hiyo. Kwako mwanangu Stathis. Kwako mkwe wangu Areti. Kwako Evanthia, dada wa mkwe wangu. Kwako mjukuu wangu wa miaka minane. Na kwako kichanga usiye na jina bado: salamu kwa kila mmoja kwa daraja yake. Naomba barua hii isomwe kwa sauti mezani, wote mkiwa mmeketi na televisheni imezimwa.

Mimi ni mzima, ila kifua hunibana upepo wa bahari unapogeuka. Natumaini hapo Melbourne hamjambo nyote.

Mwaniarifu kwamba baada ya miaka minane ya kimya mnakuja Pasaka. Mmeorodhesha mtakayoyatazama: ngome ya Palamidi, ngome ndogo ya Bourtzi katikati ya maji, uwanja wa Syntagma. Mmeongeza kwamba mtalala hotelini. Stathis, ulizaliwa hatua hamsini kutoka uwanja huo. Mtu huzuru mji wa wenzake. Mji wake huurudia.

Nitasema wazi, kwani nimefundisha miaka thelathini na minne na sikuwahi kumnong'oneza mwanafunzi kosa lake. Mama yako Diamanto alipofariki, mliniahidi kwamba binti yenu wa kwanza atalifufua jina lake, kama desturi yetu ilivyo. Siku ya ubatizo kasisi akauliza jina, na Evanthia, mama wa ubatizo, mtoto akiwa mikononi mwake, akatamka "Fotini", jina la mama yake mwenyewe. Nikaambiwa ulimi umeteleza. Ulimi hautelezi mbele ya maji matakatifu.

Sharti langu ni moja. Kichanga abatizwe hapa, aitwe Diamanto, na nimshike mimi. Kinyume cha hapo, mlango wangu hautafunguliwa.

Baba yenu,
Anargyros


Melbourne, 8 Oktoba 1978

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naubusu mkono wako. Sisi hatujambo, ila kichanga anaota meno na hakuna anayelala. Kifua chako kinanitia wasiwasi. Umekwenda kwa daktari, au bado unajitibu kwa chai ya mlimani na ukaidi?

Barua yako ilisomwa mezani kama ulivyoagiza. Bibi Fotini alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Huyu mzee anatuandikia sisi au anahutubia bunge?" Tulicheka. Evanthia hakucheka. Aliinuka akaenda kusimama jikoni.

Nitakueleza tena nililokueleza mwaka 1970, katika ile barua uliyonirudishia bila kuifungua. Evanthia alilikariri jina la Diamanto wiki nzima. Asubuhi ya ubatizo mama yao, Bibi Fotini, alianguka, akapelekwa hospitali, na hatukujua kama angeiona jioni. Kasisi alipouliza, aliyekuwa moyoni ndiye aliyetoka mdomoni. Nilipiga kelele, "Siyo hilo!" Kasisi akanitazama kama mlevi aliyepotea njia, na mtoto alikuwa tayari majini. Mbele ya maji, baba, mtu hutamka hofu yake.

Kabla barua yako haijafika, tulikuwa tumekubaliana huyu mdogo aitwe Diamanto. Sasa Areti anasema, "Jina la kulazimishwa, mtoto atalivaa kama kiatu cha mwingine." Nami siwezi kumwambia amekosea. Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: mama yake ndiye atakayeamua, na tutakuja Nafplio kama wageni. Hoteli tumekwisha kuiandikia. Ukitaka kutuona, tutakuwa Syntagma kila jioni.

Fotini mdogo anauliza kama ni kweli Palamidi ina ngazi mia tisa tisini na tisa, na kama utapanda naye. Nimemwambia mimi ulinipandisha mabegani.

Mwanao,
Stathis


Nafplio, 2 Novemba 1978

Stathis,

Sijambo. Daktari nimemwona, ni mwanafunzi wangu wa zamani na hajui kuandika hata sasa. Poleni kwa meno ya mtoto.

Kuhusu ngazi, watu husema mia tisa tisini na tisa. Mimi sikuwahi kuipata hesabu hiyo. Kuhusu mengine, sharti ni sharti.

Baba yako


Nafplio, 26 Februari 1979

Kwako Evanthia, ambaye leo nakutaja wa kwanza kwa sababu wewe ndiwe niliyekukosea zaidi, kwako Bibi Fotini, ambaye sikuwahi kukuuliza kama ulipona, kwako Areti, kwako Stathis, kwako Fotini mjukuu wangu, na kwako kichanga: salamu. Someni kwa sauti.

Afya yangu ndiyo habari yenyewe. Jumatano iliyopita nilikwenda Palamidi kuhesabu ngazi, kwani mwalimu hamjibu mtoto kwa kukisia. Nilifika ya mia mbili na kumi na moja. Kifua kikagoma, nikakaa. Jirani yangu Stamata alikuwa akishuka na fungu la mboga za porini.

"Mwalimu! Unaatamia mayai hapo?"

Nikamwambia najiandaa, mjukuu anakuja.

"Yupi? Asiye na jina, au yule ambaye jina lake limekukwama kooni miaka minane?"

"Stamata, una ulimi wa pilipili."

"Diamanto angekutia hiyo pilipili machoni. Haya, nipe mkono, mbuzi mzee wewe."

Akanishusha, akinipumzisha kila ngazi ya kumi, na njiani tulipishana na watalii waliokuwa wakipanda wakiimba.

Wapendwa, mwaka 1970 ningefika juu, mtoto akiwa mabegani mwangu. Nimelilinda jina la marehemu kwa bidii, na katika kulilinda nimeitumia miguu ambayo ingembeba aliye hai. Hilo halina wa kulaumiwa ila mimi.

Hivyo mbele yenu nyote natangaza uamuzi, na nautaka utekelezwe. Hoteli ifutwe, vitanda vimetandikwa. Ubatizo utakuwa Jumapili inayofuata Pasaka, katika kanisa la Mtakatifu Georgios. Nimekwisha kuzungumza na kasisi. Mimi sitamshika mtoto. Jina atalichagua Areti, amwambie mama wa ubatizo peke yake, na mtu yeyote asiniandikie jina hilo. Nitasimama nyuma, karibu na mlango, na jina nitakalolisikia ndilo nitakalomwita mjukuu wangu hadi siku yangu ya mwisho.

Kasisi alitaka jina la mama wa ubatizo kabla ya Kwaresima. Nimemwandikisha Evanthia. Evanthia, kata tiketi wiki hii.

Babu yao,
Anargyros