Gari Haina Kitu

4 Machi

Baba,

Shikamoo. Habari za huko, na mgongo unaendeleaje? Sisi hatujambo kwa kutuangalia. Twiga amerudi shule na anakula vizuri, ila kila nikimshonea gauni naona nimekata fupi. Urefu wa baba yake kauchukua wote.

Nakuandikia kwa sababu simu hupokei, na ukipokea unasema, "Ongea haraka, nina injini mkononi." Barua nampa dereva wa lori la mbao, anasema anakufahamu.

Ni kuhusu gari. Tangu tumzike Mrefu sikuigusa. Jana nimepata kazi ya mapazia ya hoteli, vyuma virefu, vitambaa vizito, havibebeki kichwani. Nikachukua ufunguo wake, nikafungua mlango, nikakaa. Kabla sijafanya lolote kiti kikaanza kurudi nyuma chenyewe, taratibu, mpaka miguu yangu ikawa haifiki pedeli. Vioo vya pembeni vikageuka, vikatazama alikokuwa akitazama yeye. Redio ikawaka kwenye stesheni yake ya mpira. Halafu kwenye skrini yakatokea maandishi: Inatafuta simu ya Mrefu.

Inatafuta tu. Haichoki. Na simu yenyewe unajua haikuonekana tangu siku ile.

Nilivuta kiti mbele, nikarekebisha vioo, nikaenda hotelini nikarudi. Leo asubuhi nimewasha, kiti kimerudi nyuma tena. Twiga alikuwa amesimama mlangoni na begi lake. Akaniuliza, "Mama, baba kakaa?"

Wewe ni fundi. Nikate waya gani?

Mimi mkweo,
Mama Twiga


11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, asubuhi ukikubali kunyooka nashukuru, ukikataa tunabaki kitandani wote wawili. Nimefurahi kusikia Twiga anakula. Mtoto akila, nyumba ina uhai.

Waya wa kukata haupo, ndiyo shida yenyewe. Siku mumeo alipokuja kunionyesha hiyo gari nilimwambia, fungua boneti nione. Akafungua. Nikakuta mfuniko mwingine, mweusi, laini kama sinia. Nikamwuliza, sasa hapa fundi ashike wapi? Akacheka: "Mzee, hii haishikwi, inasomwa." Nikamwambia basi aende kwa wasomaji. Akaondoka. Hakuja tena, na mimi sikumwita.

Pikapu yangu imekuzidi umri. Inakunywa mafuta kama mlevi wa harusini, na mlango wa kushoto unafungwa kwa kamba. Lakini ikiumwa inasema. Plagi zikichoka inakohoa. Maji yakipungua inanuka kabla haijachemka. Breki zikiisha inalia mpaka majirani wanatoka nje. Naifungua kwa spana na bisibisi, nauona ugonjwa kwa macho yangu, nafunga, tunaendelea na safari. Hizi za kompyuta zinakaa kimya, zinang'aa, siku zikiamua kufa zinakufa. Ikamzimikia mwanangu barabarani, ikamwacha juani anahangaika kutafuta msaada mpaka moyo ukamshinda. Najua utasema kaka yako alipokwenda kuichukua iliwaka mara moja. Bila shaka iliwaka. Inaua, halafu inajifanya haijui kitu.

Iuze. Ukikosa mnunuzi isukumie korongoni. Ila uani kwangu isikanyage. Wewe njoo uchukue pikapu, nitakufundisha mwenyewe. Mtu anayeweza kuifungua cherehani na kuirudisha hawezi kushindwa na injini.

Baba yako


9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu. Hapa mwili mzima, roho ndiyo sijui niseme nini, soma mwenyewe.

Kwanza nilikwenda kwa wale wa kompyuta. Fundi wao akachomeka mashine yake, akasema, "Mama, nafuta kila kitu, gari inakuwa haimjui mtu." Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe. Nikasema acha. Nikarudi nyumbani, kesho yake kiti kikarudi nyuma vile vile.

Juzi nimekwenda kufunga mapazia kwenye zahanati, ile iliyo kwenye barabara ya kuja kwako. Sikutaka kupita pale alipofia, lakini njia nyingine hakuna. Nilipofika mbele ya kibanda cha chai, skrini ikaacha kutafuta. Ikaandika: Imepata simu ya Mrefu.

Nilikanyaga breki mpaka vyuma vya mapazia vikaja mbele vikagonga kiti. Redio ilinyamaza yenyewe. Nikasema kwa sauti, "Uko wapi?" Nilisema hivyo, Baba, niko peke yangu ndani ya gari, mtu mzima.

Mama wa kibandani akatoka huku akifuta mikono. Akaiangalia gari, akaniangalia mimi. Akasema, "Nilijua itarudi."

Simu iko kwake. Aliiokota chini ya benchi walipokwisha kumbeba Mrefu, ikamzimikia mkononi. Chaja ya aina yake ameipata wiki hii tu, akaiwasha, akawa anangoja mtu apige. Nani angepiga? Laini niliifunga mwenyewe.

Nilimwomba anieleze alichokiona. Akanikalisha kwenye benchi lile lile.

Gari haikuharibika, Baba. Mrefu aliiegesha vizuri pembeni, akazima, akashuka, akaja akakaa. Jasho lilikuwa limelowesha kola. Yule mama akamwuliza, "Vipi kaka, gari imekufa?" Akajibu, "Ndiyo dada, imenisumbua kidogo. Itapoa."

Wakamwonea huruma. Watu wakaenda mbio kumtafutia fundi. Fundi akaja na baiskeli, akafungua boneti, akawasha, ikawaka. Akasema, "Bosi, gari haina kitu." Mrefu akatabasamu. "Iangalie tena," akasema. Basi wote wakamgeuzia mgongo, wakaiinamia injini, huyu anasema hivi, yule anasema vile. Walipogeuka alikuwa ameegemea nguzo kama mtu aliyepitiwa na usingizi.

Ukikaa kwenye benchi lile unaliona paa la zahanati. Nimekaa pale nimeliona.

Kwa nini hakusema? Nyumbani, akipanda ngazi alikuwa anasimama katikati, anapapasa mifuko. Mimi niko juu namngoja, nadhani anatafuta ufunguo.

Baba, usinikasirikie kwa swali hili. Huo mgongo wako, ni mgongo kweli?

Mimi mkweo,
Mama Twiga


17 Aprili

Barua imefika.

Huyo mwuza chai ana maneno mengi. Gari ilikufa. Fundi wa baiskeli angejua nini juu ya gari kama ile?

Mimi mzima. Usiniandikie tena habari za kibanda.

Baba yake Mrefu


20 Mei

Baba,

Shikamoo. Sikuulizi hali, maana tangu barua yako ya mwisho nimeandika tatu na hujajibu hata moja.

Dereva wa lori anasema geti limefungwa mchana kutwa. Anasema pikapu iko uani boneti iko wazi, mvua inaingia ndani ya injini, na wewe umekaa kwenye kigoda unaitazama. Amekusalimia juu ya ukuta, hukugeuka. Yeye anacheka, anasema mzee kagombana na gari yake. Mimi sikucheka. Hujawahi kuacha hata spana inyeshewe.

Sikuandika ile barua ya kibanda ili nikuondolee wa kumlaumu. Niliandika kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kubeba nami. Ukitaka tuseme gari ilikufa, tutasema hivyo mbele za watu mpaka tuzeeke. Lakini fungua geti.

Jumamosi tunakuja, mimi na Twiga, na gari hiyo hiyo kwa sababu sina nyingine. Usipofungua nitapiga honi mpaka mtaa mzima uje kuuliza nani kafa.

Mimi mkweo,
Mama Twiga


2 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nisamehe sikuzungumza nanyi vizuri mlipokuja. Nilipokuambia uniachie gari ya Mrefu, uende na pikapu niliyokuwa nimeikausha, uliniangalia kama mtu anayemwachia mgonjwa kisu. Lakini ulikubali, na nimesikia haikukuzimikia hata kwenye mlima. Mkono wako kwenye gia nimeuona, unaingiza taratibu kama anayeshona. Endelea hivyo hivyo.

Mlipoondoka niliingia ndani ya hiyo gari, nikafunga mlango. Kiti kikarudi nyuma, kikasimama pale pale ninapopataka. Sikukigusa. Vioo vikageuka, nikaona barabara yote. Kumbe tulikuwa tunalingana, mimi na yeye, nami miaka yote nilidhani amenizidi. Nilikaa siku hiyo, nikakaa na siku iliyofuata. Skrini inatafuta, nami nasoma. Yakanirudia maneno yako ya ngazi na mifuko. Mimi nimesikiliza injini maisha yangu yote. Naweza kukuambia lori linalopita barabarani linaumwa wapi. Mwanangu alipokuja kunionyesha gari, alishika mlango wakati wote tunazungumza. Nilidhani anaringa nao.

Leo asubuhi nimeiwasha nikaiendesha. Ni gari nyepesi, haisemi kitu, unaweza kusahau kwamba kuna chuma kinachofanya kazi. Siipendi bado. Kifua kilianza kunibana kabla ya daraja, kama kawaida yake siku hizi. Nikafika kibandani. Nikaegesha, nikazima, nikashuka nikakaa.

Yule mama akatoka. Aliponiona, birika likamponyoka. Gari ile ile, urefu ule ule, jasho lile lile. Akashindwa kuja karibu. Akiwa pale mlangoni akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mzee... gari imekufa?"

Mwanangu, neno "ndiyo" lilikuwa mdomoni. Ni neno rahisi sana. Sasa najua kwa nini alilisema.

Nikamwambia, "Hapana mama. Gari haina kitu. Ninayeumwa ni mimi."

Akanishika mkono mwenyewe, akaacha moto unawaka na wateja wamekaa, tukavuka barabara. Mapazia yako ni mazuri. Daktari ni binti mdogo, mkali. Akanisikiliza kifua mbele, akasikiliza mgongoni, akarudi mbele. Hakuniambia "mzee uko vizuri." Akauliza, "Kuna mtu kwenye ukoo aliyekufa ghafla?" Nikasema yupo. Akauliza ni nani kwangu. Nikamwambia, mwanangu. Akaandika. Kisha akaniuliza kama huyo mwanangu ameacha mtoto.

Wamenilaza. Wanasema dawa zipo, na mtu anaishi nao moyo kama huu miaka mingi, mradi ujulikane mapema. Usiwe na hofu juu yangu.

Nimeazima simu ya nesi nikakupigia, haipatikani, nadhani uko juu ya ngazi na mapazia yako. Dereva wa lori anapita hapa sasa hivi anaelekea kwenu, ameacha injini inanguruma, kwa hiyo naandika upesi, usijali mwandiko.

Siku mlipokuja, wewe ulikuwa getini unafungua kamba ya mlango wa pikapu. Mimi nilikuwa ndani namtazama Twiga akipanda zile ngazi za kuja barazani. Katikati akasimama. Akainama kama anayefunga kamba za viatu, akakaa hivyo kitambo, akainuka akanitazama akacheka.

Nilikuwa na mambo yangu, sikufikiri. Nimefikiri hapa kitandani.

Viatu vyake havina kamba.

Mlete leo. Usimpe begi, usimwambie akimbie. Mbebe.

Baba yako