Mganga Gani Humuuliza Mgonjwa?

Ushirombo,
22 Julai 1984

Kaka yangu mpendwa Gregory,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima na kile kifua nilichosikia kwa madereva wa pamba kimeshapona. Mimi sijambo kabisa, na leo nina majivuno ambayo hayatoshi nyumba hii, kwa hiyo imebidi nikugawie. Mvua zilitosha, mihogo ipo, na shangazi Paskalina bado anagombana na mbuzi wa jirani kila asubuhi kama ulivyomwacha. Habari za Baba nitazifikia, zina mahali pake.

Kaka, mimi dada yako sasa ni daktari! Usinicheke, sikiliza kwanza. Sista Coletha wa zahanati ya hapa alirudi mwaka jana kutoka masomoni Ulaya, akatusimulia habari za televisheni, lile sanduku linaloonyesha watu wakitembea na kusema. Alisema kuna mchezo alioupenda kuliko yote: daktari mmoja wa mambo ya moyoni, hana sindano wala vidonge, ana viti viwili tu. Kila wiki mgonjwa anakuja, anakaa, daktari anamuuliza kinachomsumbua, kisha anasikiliza. Basi! Ndio mchezo wenyewe huo, na nchi nzima inaacha kazi inatazama. Nikamwambia Sista kwamba hilo sanduku sijaliona na huenda nisilione, lakini viti viwili tunavyo.

Mchezo nikauandika mwenyewe, darasani, wakati wanafunzi wangu wa kisomo cha watu wazima wakinakili herufi. Ulijaza daftari zima. Udaktari nikajipa mimi, maana nani mwingine? Koti jeupe niliazima kwa Sista, miwani kwa katekista, ingawa nikiivaa nilikuwa sioni kitu. Wagonjwa walikuwa watatu: mjane asiyepata usingizi, karani anayeogopa watu, na mchimba dhahabu mwenye jambo lililomkaa kooni. Mchimbaji huyo akawa mwalimu Januari, yule mrefu wa darasa la tano.

Siku yenyewe ilikuwa Saba Saba, uwanja wa mpira. Unajua mambo ya huku: ngoma mbili zinashindana uwanja mmoja, na watu wanaamua kwa miguu yao, wakikuchoka wanahamia kwa mwenzako. Sisi tukapewa upande mmoja, upande wa pili wakapewa kundi la wachezaji wa Wagalu na ngoma zao na chatu wao. Viti viwili na chatu, Kaka! Januari alitaka kurudi nyumbani.

Na kweli tulianza vibaya. Mjane alipokaa nami nikamuuliza anasumbuliwa na nini, watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja akapaza sauti kuuliza huyu ni mganga gani anayemuuliza mgonjwa, kwani hakusomea? Si unajua, kwa mfumu, mganga wetu wa jadi, mgonjwa hasemi. Mfumu ndiye anayetakiwa akuambie ulichokuja nacho, na ukimwona anakuulizauliza ujue umepata tapeli. Mwingine akadai ndugu wa mgonjwa yuko wapi, maana mtu mwenye watu wake hawezi kwenda kutibiwa peke yake bila wa kumwitikia. Hilo Sista hakutuambia, na mimi niliyezaliwa hapahapa sikulifikiria! Watu wakaanza kuhama. Zamu ya karani ilipofika walibaki labda hamsini, wengi wao watoto.

Nilikasirika, unanijua. Januari alipokaa nikasimama, nikawaambia waliobaki kwamba mgonjwa huyu ni mchimbaji, hana ndugu hapa, na kama yupo mwenye huruma ya kumwitikia aje akae naye, la sivyo wanyamaze wote. Ilikuwa hasira tu. Nani akasimama? Baba. Baba yetu, ambaye hata kanisani hukaa benchi la mwisho. Alikuja polepole na fimbo yake, akakaa kando ya Januari, akaniambia niendelee, mgonjwa ana mtu.

Nilitamani kuukatisha mchezo palepale, kwa sababu mimi nilijua kitakachosemwa. Januari akasema maneno niliyomwandikia: kwamba asubuhi ile zamu ya kushuka kwenye duara, lile shimo la dhahabu, ilikuwa yake, lakini alikuwa na gongo la jana kichwani, akamwambia mdogo wake ashuke badala yake. Kwamba udongo ulipoporomoka yeye alikuwa juu, amelala kivulini. Na kwamba tangu hapo hajarudi kwao, kwa sababu hajui atamtazamaje baba yake. Hapo daktari alitakiwa asikilize tu. Nikasikiliza, na hata watoto wakatulia.

Baba hakujua mchezo unaendaje. Alifanya kama anavyofanya ndugu wa mgonjwa, akaitikia. Alisema kijana huyu asijibebeshe peke yake. Alisema yeye naye alikuwa na mtoto machimboni, na mtoto yule hakutaka kwenda. Alitaka abaki alime, ila baba yake ndiye aliyemsukuma amfuate kaka yake, kwa tamaa ya mabati. Mabati hayakuja. Yule mkubwa naye hakurudi tena, na yeye hamlaumu, kwani mtoto atarudije kwa baba aliyemuua mdogo wake? Aliyasema hayo bila kulia, mbele ya watu wote wanaomjua. Sikuona saa ngapi Wagalu walinyamazisha ngoma zao. Nilipovua miwani watu walikuwa wamejaa mpaka golini, na mwenye chatu amesimama mbele kabisa, chatu wake shingoni. Hakuna aliyepiga makofi. Akina mama walikuja mmoja mmoja kumshika Baba mkono, kama tuko msibani.

Najivunia mchezo ule na sitajifanya sijivunii. Tumealikwa Kahama mwezi wa tisa, na yule mzee aliyeuliza mimi ni mganga gani sasa ananiamkia Daktari. Lakini Baba ninamjivunia zaidi. Miaka yangu thelathini na moja sijaona mtu jasiri kama yeye siku ile.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Umeshatambua maneno ya Januari ni ya nani. Ni yako, Kaka. Nimeyatoa kwenye barua yako ya mwaka themanini, miezi miwili baada ya kumzika mdogo wetu Otmar, ile uliyomwomba Baba msamaha ukasema akikujibu utarudi, na asipokujibu utaelewa. Baba hakukujibu kwa sababu Baba hakuisikia. Nilimsomea salamu tu. Nikamwambia unasema hujambo, kazi ni nyingi, kisha barua nikaifukia chini ya nguo zangu sandukuni. Nilijiambia namkinga Baba asife kwa uchungu. Uongo mtupu. Nilikuwa na hasira na wewe. Otmar nilimbeba mgongoni mimi, na nilitaka ukae hukohuko. Wazee wote wa rika la Baba nimewafundisha kusoma, hata cheti nimepewa, lakini Baba peke yake sikuwahi kumpa kalamu. Kila mwaka nilipata sababu. Kwa hiyo kimya cha miaka minne hakikuwa cha Baba. Kilikuwa changu.

Tukirudi nyumbani siku ile aliniuliza maneno yale nimeyapata wapi. Nikamweleza. Akaniomba nimsomee barua yako yote, nikamsomea, akataka tena. Hakunigombeza, na bora angenichapa. Siku mbili hakusema nami. Ya tatu akaniambia nikuandikie haya yote, nisipunguze hata moja. Nisamehe ukiweza. Ukishindwa sitakulaumu, lakini yeye usimwadhibu kwa kosa langu.

Aliyekukabidhi barua hii ni Onesmo, dereva wa lori la pamba. Baba yuko ndani ya lori. Amekataa kushuka mpaka umalize kusoma, maana hataki uone uso wake ukashindwa kukataa. Anasema ukitaka, uende kwenye mlango wa lori upande alipokaa. Usipotaka, umwambie tu Onesmo awashe gari, naye atarudi bila kinyongo. Hajawahi kusafiri mbali namna hii, na chakula alichofungiwa na shangazi najua hajakigusa.

Salamu za shangazi na za wote nimeziandika nyuma ya karatasi. Utazisoma baadaye. Nenda, Kaka.

Mimi mdogo wako,
Theopista Mihayo