Swali la Kuondoa

Jumanne, Wembley

Nimechoka, lakini nisipoandika haya sitapata usingizi.

Leo nimekwenda kutoa maoni pale maktaba. Serikali inataka kujua kama fomu ya msaada wa walemavu inatusumbua. Mimi ndiye ninayemjazia mume wangu, Elias, kila mwaka tangu apooze kwa kiharusi.

Afisa, dada mmoja mpole, akaniuliza, "Kama ungeondoa swali moja tu, ungeondoa lipi?"

Nilikuwa nimejiandaa kulalamikia wingi wa kurasa. Badala yake nikasema, "Lile linalouliza anatarajia kupona lini. Huwa namsomea, ananijibu mwenyewe. Mwanzoni alisema miezi michache. Safari hii aligeukia ukutani, akaniambia, 'Andika unachojua wewe, mama Neema.'"

Yule dada aliacha kuandika. Akanipa pole, akaahidi kulifikisha kwa wakubwa wake. Sijui kama...

Niliporudi, Elias alitaka kujua nimesema nini huko. Nikamwambia nimelalamika kwamba fomu ni ndefu.

"Ni ndefu kweli," akasema. Akaushika mkono wangu, asiulize zaidi.