Walker si Mtembezi

Mpendwa mshauri,

Nisaidie kabla ya Ijumaa, maana ndiyo siku tuliyopanga kumzika baba yetu, Oliver Walker, na hadi sasa hatuna pa kumlaza. Babu alipewa jina Walker na mmisionari aliyembatiza, sisi tukalirithi, na tumeishi katika boma hili la Sindo tangu baba azaliwe, lakini kwenye kikao cha mazishi Mzee Obare, mwenyekiti wa ukoo, aliniuliza mbele ya watu hilo Walker maana yake nini, kwa kuwa ninafundisha Kiingereza, nami nikajibu kwa majivuno kidogo kwamba ni mtembezi, nikikumbuka jinsi babu alivyokuwa akienda kwa miguu hadi Mbita kuhubiri, naye mzee akasema, "Rudia, mwalimu, wengine hapa masikio mazito," nikarudia, akawageukia wenzake: "Mmesikia? Jabayo! Mzururaji! Binti wa marehemu mwenyewe amesema. Hawa ni jodak, wageni waliopewa mahali pa kukaa tu, na mgeni hachimbiwi kaburi kwenye shamba la watu." Wakacheka, na hakuna aliyetutetea. Tangu hapo dada yangu Phanice amenisemesha mara moja tu: "Wewe na Kiingereza chako mmemfukuza baba." Je, tubadilishe jina kabla ya mazishi?

Rispa, Sindo

Rispa,

Pole kwa msiba. Sasa nisikilize.

Walker si mtembezi. Majina mengi ya ukoo ya Waingereza yalitokana na kazi: Smith alikuwa mhunzi, Taylor mshonaji, na Walker alikanyaga kwa miguu kitambaa cha sufu kilicholoweshwa mpaka kikashikana na kuwa kizito. Hakwenda popote. Alikanyaga palepale kutwa nzima. Wewe mwalimu ulipaswa kufungua kamusi kabla ya kufungua mdomo.

Lakini hata maana sahihi haitawasaidia. Kazi hiyo ilikuwa ya mababu wa mzungu, si ya babu yako. Na kubadilisha jina wiki ya mazishi ni kumpa Obare ushahidi wa pili.

Barua yako imejaa habari za jina, ila haisemi babu amezikwa wapi. Huko kwenu, shamba likigombewa, kaburi la babu ndilo ushahidi unaoulizwa kwanza, nawe unalijua hilo. Nashuku umenyamaza kwa sababu halimo bomani.

Kesho asubuhi nenda ofisi ya ardhi, uombe nakala ya rejista ya shamba hilo. Jina la babu au la baba likiwamo, mpelekee chifu, amwite Obare, mzike Ijumaa. Lisipokuwamo, ahirisheni. Msichimbe kwa nguvu, maana anayezikwa kwa nguvu hufukuliwa kwa amri ya korti. Mwombeni Obare mahali, kwa heshima, wewe na Phanice pamoja. Akikataa, mzikeni kwenye makaburi ya umma. Najua ni aibu kwenu. Kumwacha mochari ni aibu zaidi.

Na mtu akikuuliza tena Walker maana yake nini, mjibu: ni baba yangu.