Sukari ya Jumatano na ya Ijumaa

Mbarara, Jumamosi, 12 Oktoba 2013

Kaka Ntwari mpendwa,

Pokea salamu nyingi katika jina la Bwana wetu. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, wewe na Olga na yule mtoto ambaye mpaka leo namjua kwa sifa tu. Je, kazi ya maziwa hapo Bwizibwera inaendelea? Yale mafua yako ya msimu wa mvua yameanza? Sisi huku ni wazima, na mama ni mzima kwa kiasi ambacho nitakueleza. Barua nimempa Appolinaire, dereva wa lori la maziwa, akutie mkononi wewe mwenyewe, maana simu zangu hupokei. Usiikunje ukaitia mfukoni. Nina habari nzuri mno, hata mistari yangu inapanda mlima.

Ulisikia kwamba mwezi wa sita mama alipata kiharusi upande wa kulia, juu ya kisukari chake cha zamani, na ukatuma pole. Alipotoka hospitali mwezi wa nane sikumrudisha kambini Nakivale. Nilimweka katika chumba changu hapa mjini, ili siku tatu kwa wiki aje kwenye mazoezi ya viungo pale ninapofanya kazi. Daktari alitueleza wazi kwamba miezi hii ya mwanzo ndiyo yenye maamuzi: akifanya mazoezi atatembea, asipofanya mguu utakakamaa na atakaa mpaka kufa. Unamjua mama. Alituambia, "Mi siwezi kukaa fasi moja kama gunia ya mihogo. Munisimamishe!"

Kwanza nikueleze kazi yangu, maana najua unafikiri nakanda watu miguu kwa mafuta. Bosi wangu, Madamu Kyarisiima, ni Mnyankore mrefu mwenye sauti ya afande, na siku ya kwanza alinionya kwa Kiswahili chake: "Wewe, hapana gusa mgonjwa kama bado soma karatasi yake ya damu." Nilidhani ni maringo. Kumbe damu inasema mambo ambayo mgonjwa mwenyewe hayajui! Ikiwa imepungua sana, mtu anafanya mazoezi akiwa ameketi, polepole. Potasiamu ikipanda, moyo unaweza kuvurugika katikati ya zoezi. Sukari ikiwa chini ya tano, ale kwanza; ikiwa chini ya nne, haondoki kwenye benchi. Mwezi wa nane alikuja mzee Rwakabuba, mfugaji wa Masha, akitaka kuwaonyesha binti zake kwamba bado ana nguvu. Nikasoma karatasi yake, potasiamu sita nukta nne, nikamwambia akae chini. Alinitukana kwa Kinyankore kizuri kabisa. Nusu saa baadaye alikuwa amelazwa wodini na daktari hatoki kando yake. Tangu siku hiyo karatasi za maabara nazisoma kama wengine wanavyosoma Zaburi.

Sasa mama. Kuna siku alitembea katikati ya vile vyuma viwili vya kushikilia kama bibi harusi, anasalimia watu kulia na kushoto. Na kuna siku alitetemeka, jasho linamtoka, maneno yanampotea, na mara moja aliniangukia mikononi. Walimpima wakakuta sukari tatu nukta moja. Daktari akapunguza vidonge. Siku chache baadaye sukari ikawa kumi na mbili, akavirudisha. Ikashuka tena. Tulipanda na kushuka hivyo zaidi ya mwezi, mpaka daktari akasema huenda mwili wake umeshindwa, tusimamishe mazoezi na tumtafutie kiti cha magurudumu. Nilitoka nje nikalia nyuma ya jengo la kufulia.

Na mama alikuwa anakula, hilo ningeliapia! Kila asubuhi nilimwachia uji ndani ya chupa ya chai kabla ya kwenda kazini, na jirani yangu Mukandoli ndiye aliyemleta hospitali saa nne. Nikirudi jioni chupa iko tupu, imeoshwa.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilizitandaza karatasi zake zote tisa sakafuni. Zina tarehe tu, hazina jina la siku. Nikaishusha kalenda ya kanisa kutoka ukutani, nikaanza kuandika siku kwa kalamu nyekundu kando ya kila tarehe. Zilizokuwa nzuri: Jumatatu, Jumatatu, Jumanne, Jumatatu. Zilizoshuka: Jumatano, Ijumaa, Jumatano, Ijumaa, Ijumaa. Kaka, nywele zilinisimama! Wale wenzangu wa kazini wangeweza kuzitazama karatasi zile mwaka mzima wasione kitu. Lakini mimi na wewe tumelelewa na akina mama wa maombi wa Nakivale. Jumatano na Ijumaa hawali.

Nilimuuliza, akageukia ukuta, kwa sababu kwao mfungo ukitangazwa umeharibika. Watoto wa Mukandoli ndio waliotoboa siri: siku hizo mbili wao hunywa uji wa bibi, tena wanagombania. Vidonge lakini alivimeza bila kukosa, kwa funda moja la maji, halafu akaja kufanya mazoezi tumbo likiwa halina kitu. Nilipompigia kelele alinijibu kwa upole, "Muganga alisema nimeze, nikameza. Mungu naye nilimwahidi. Sasa ninamukosea nani?"

Jumatatu asubuhi niliingia kwa Madamu na karatasi zangu zenye wino mwekundu. Alizitazama, akanitazama mimi, akatoka mbio kumwita daktari, na mwanamke yule hakimbii hata mvua ikinyesha. Daktari alinishika mkono mbele ya watu. Sasa ni sheria ukutani kwetu: kila karatasi ya damu iandikwe jina la siku, na kila mgonjwa aulizwe amekula nini na nani alimwona akila. Imetoka kwangu mimi, Benitha wa kambini! Jumatano mama alikula, nikamwona kwa macho yangu. Sukari saba nukta nne. Alitembea hatua kumi na mbili bila kushika kitu, kisha akapanda ngazi nne, akasimama pale juu na kuanza kuimba. Wagonjwa wote walipiga makofi, na mimi nikaruka kama mtoto.

Yale makofi mengine yalikuwa yangu, nikayapokea, na hapo ndipo ninapaswa kukuambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote hospitalini. Mfungo ule wa Jumatano ulikuwa wangu. Mwezi wa kwanza, kabla ya kiharusi, nilimwomba mama kwa mdomo wangu anifungie kila Jumatano mpaka nifaulu mtihani wa cheti. Unajua desturi ya kundi lao: mfungo wa kumwombea mtu haukomi mpaka mtu yule aje mwenyewe, ashukuru, na ampe aliyefunga chakula kwa mkono wake. Nilifaulu mwezi wa saba. Nilimpa habari akiwa kitandani wodini, akatabasamu, nikakimbilia kazi yangu mpya. Sikurudi kushukuru. Nilijiona nimesoma, nikaona mambo ya kulishana ni ya kambini. Alipotoka tu hospitali akaanza tena, akawa ananingoja. Damu ya kila mtu nilikuwa naisoma, na damu ya mama yangu mimi ndiye niliyekuwa naishusha. Nimeona aibu, kaka, na bado naiona. Jumatano hii asubuhi nilipiga magoti, nikashukuru, nikamlisha uji kijiko kwa kijiko. Akaniwekea mkono kichwani na kusema imekwisha.

Ijumaa ni yako.

Jana hakula. Sukari ilikuwa tatu nukta sita na Madamu alimkalisha kwenye benchi. Alikataa hata maji ya sukari, akayakubali pale tu macho yake yalipoanza kufumba. Daktari anasema kuhamisha zoezi ni rahisi na kupunguza vidonge ni rahisi, lakini kwa mtu aliyekwisha kupata kiharusi njaa yenyewe ndiyo hatari, na kuna Ijumaa moja hataamka. Nilipiga magoti kwa niaba yako, akanisukuma. "Wewe si Ntwari," akasema.

Ameifunga Ijumaa hii tangu ulipoondoka, miaka miwili sasa. Nilidhani anamwomba Mungu umwache Olga, kwa sababu ya yale aliyoyasema siku ile juu ya kabila la Olga, na nikamuuliza hivyo hivyo bila kuzunguka. Alilia, kaka. Alisema haombi umwache mtu, anaomba urudi nyumbani tu. Kisha akaniambia nikuandikie maneno yake kama alivyoyasema: "Nilikosea, ni mie nilikosea. Kama Ntwari angali na hasira, basi asikuje. Olga akuje yeye. Siku ya tano, hii Ijumaa, nitakula kwa mukono ya Olga."

Ijumaa ijayo ni tarehe kumi na nane. Zoezi ni saa nne, na kabla ya hapo, saa tatu kamili, mimi mwenyewe nitamtoboa kidole nipime. Njooni kabla ya saa tatu.

Mukandoli anakusalimu, na watoto wake pia, ingawa wananinunia kwa sababu ya uji. Mbusu huyo mtoto kwa niaba ya shangazi yake. Msalimie Olga kwa heshima zote, umwambie kwamba mama anapenda uji mwepesi, usio na sukari, na asimpe kikombe cha moto sana, maana mkono wake wa kulia bado haujashika vizuri.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Benitha